Habari za Mtihani, Mpira na Bendera katika Shule Zetu

Mwaka wa Yubilee ni mwaka wa kuhesabu. Mtunza hazina ahesabu fedha, mzee wa kanisa ahesabu ubatizo na ndoa, nasi walimu twaombwa tuhesabu watoto waliopita mikononi mwetu. Kazi hii ya tatu ndiyo ngumu, maana mtoto hahesabiki siku ile anapofunga sanduku lake na kwenda zake. Hujulikana amekuwa nini baada ya miaka ishirini, na pengine hata baada ya hiyo twakosea. Kwa hiyo hatukuona vema kujaza kurasa hizi majina ya wakuu wa shule na tarehe za kufungua madarasa. Habari hizo zimo katika vitabu vya ofisi, na atakaye aende akasome.

Sisi tumependa kuandika juu ya mambo matatu ambayo watu wa misheni waliyashika kwa nguvu tangu mwanzo, na ambayo hata leo huwagombanisha walimu wakinywa chai: mtihani, mpira, na utii kwa wenye mamlaka. Na ili maneno yetu yasielee hewani, tutamfuata mtu mmoja aliyeyashika yote matatu kwa mkono mmoja, naye ni Bwana Edward Carey Francis, mkuu wa shule ya Maseno, kisha wa Alliance High School huko Kikuyu. Wako wasomaji wetu ambao baba zao au babu zao walifundishwa naye. Wako pia ambao jina lake hawalipendi. Wote wawili na watuvumilie.

Bwana Francis alizaliwa London mwaka 1897. Katika vita vya 1914 hata 1918 alikuwa askari wa mizinga. Vita vilipokwisha alisoma hisabati Cambridge, akafaulu hata akafanywa mwalimu katika chuo cha Peterhouse. Mtu wa namna ile angaliweza kukaa pale maisha yake yote, akila meza moja na wataalamu wenzake. Walakini mwaka 1928 aliacha yote akaja Kenya pamoja na CMS, akapewa shule ya Maseno, pale mstari wa ikweta unapopita. Hakuoa. Shule ilikuwa ndiyo nyumba yake na jamaa yake. Mwaka 1940 alikwenda Kikuyu, akawa mkuu wa Alliance mpaka mwaka 1962.

Alliance ilikuwa imekwisha kufunguliwa tangu Machi 1926, kwa mapatano ya misheni za Kiprotestanti: Waskoti, CMS, African Inland Mission na Wamethodisti. Jina lake lenyewe maana yake ni mapatano. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Bwana G. A. Grieves. Siku zile kijana Mwafrika wa Kenya aliyetaka elimu ya juu kuliko ya msingi hakuwa na mlango, na mlango huo mmoja ulipofunguliwa ulikuwa mwembamba sana. Hapo ndipo yanapoanza maneno ya mtihani.

Yafaa tukumbuke jinsi nchi ilivyokuwa. Shule za Kenya ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na fedha zake mbalimbali, na majengo yake mbalimbali. Mtoto wa mlowezi hakushindana na mtoto wa mkulima wa Kiambu au wa Nyanza kwa kiti kimoja. Basi mtu akisema kwamba siku zile kila mtu alipata kwa kustahili kwake, amesahau, au anatuchezea. Mzungu asiyejua kuzidisha alipata kazi ambayo Mwafrika aliyefaulu hakuipata.

Walakini ndani ya nchi ile iliyogawanywa palikuwa na kitu kimoja kisichojua rangi, nacho ni karatasi ya mtihani wa Cambridge. Karatasi ile ilitoka Uingereza, ikarudi Uingereza kusahihishwa. Na aliyeisahihisha aliona namba na maandishi, hakuona ngozi wala kabila wala jina la baba. Bwana Francis alilifahamu jambo hili vizuri sana kuliko wengi. Wako waliosema wazi siku zile kwamba akili ya Mwafrika ina mpaka, kwamba ataweza useremala lakini aljebra itamshinda. Yeye hakubishana nao kwa maneno mengi. Alifundisha hisabati asubuhi na jioni, akatunga vitabu vya hesabu vilivyotumiwa katika shule nyingi za Afrika ya Mashariki, akawafanyiza wavulana wake mtihani ule ule wa Wazungu, nao wakafaulu mwaka baada ya mwaka. Nani angaliweza kuwajibu wale wenye kiburi kwa jibu kubwa kuliko hilo?

Hii ndiyo sababu sisi, walimu wa mtindo wa zamani, twaupenda mtihani, nasi hatuoni haya kusema hivyo. Mtu maskini hana mjomba ofisini. Hana shamba la kuweka rehani, wala hajui mlango wa nyuma wa nyumba ya mkubwa. Ana mtoto wake na kalamu ya mtoto. Mkiondoa mtihani, mwaondoa silaha yake moja, na mjomba wa tajiri aketi pale pale alipokuwa ameketi.

Lakini lazima tuseme na la pili. Mwaka 1949 tume ya elimu ya Waafrika, iliyoongozwa na Archdeacon Leonard Beecher wa CMS, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Mombasa na kisha Askofu Mkuu wa Afrika ya Mashariki, ilitoa mashauri yake. Ilipanga masomo katika ngazi tatu za miaka minne minne, na baina ya ngazi na ngazi pakawekwa chujio. Mtoto wa Darasa la Nne, ambaye pengine ana miaka kumi au kumi na miwili, alipewa mtihani wa kushindana, na aliyeshindwa alirudi kwao kuchunga. Beecher alikuwa mtu mwenye kuipenda nchi hii, aliyejua lugha ya Kikuyu vizuri, na hesabu yake haikuwa ya uovu: walimu waliofundishwa ni wachache, fedha ni chache, basi afadhali kufundisha wachache vema kuliko wengi vibaya. Waafrika wengi waliichukia hesabu hiyo. Waliona kwamba chujio limefumwa na mtu ambaye mtoto wake hatapita ndani yake. Na katika nchi ya Kikuyu ilikuwapo tayari njia nyingine, yaani shule za kujitegemea zilizojengwa na watu wenyewe baada ya ugomvi na misheni mwaka 1929, pamoja na chuo cha walimu cha Githunguri kilichofunguliwa mwaka 1939. Serikali ilizifunga shule hizo siku za Hali ya Hatari. Sisi wa misheni tuliona wakati ule kwamba ni haki. Leo tukifikiri watoto waliobaki njiani na mbao zao mikononi, hatuna ujasiri wa kusema hivyo tena.

Jambo la tatu la mtihani ni habari ya ndege. Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege Nairobi kwenda Marekani, kwa bidii ya Tom Mboya na rafiki zake wa kule. Wakubwa wa elimu serikalini walinung'unika: hawa si wa kiwango cha Makerere, vyuo vyenyewe ni vidogo, watarudi na vyeti visivyo na uzito. Walimu wengi wa misheni walitikisa vichwa pamoja nao. Mwaka uliofuata ndege nyingine zilikwenda, na miongoni mwa waliopanda alikuwamo msichana aliyetoka shule ya masista ya Loreto, Limuru, jina lake Wangari, aliyekwenda katika chuo cha masista huko Atchison, Kansas. Ndiye Profesa Wangari Maathai, aliyepata udaktari wa falsafa Nairobi mwaka 1971, na Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Na tuseme kweli: hakuwa mtu aliyeshindwa akabebwa. Alikuwa bora darasani mwake. Ila viti vya Makerere vilikuwa vichache, na wenye kulinda mlango walikuwa wamezoea kuufikiri wembamba wa mlango kuwa ni upungufu wa watoto. Mpenda mtihani ajihadhari na kosa hili. Sisi wenyewe tumelifanya.

Baada ya uhuru wa 1963 watu walijenga shule za harambee kila mahali, wakitoa kuku, mahindi na siku za kazi, nazo shule za misheni ziliwekwa chini ya serikali. Kwa Sheria ya Elimu ya 1968 kanisa halikuwa tena msimamizi, likawa mdhamini tu. Halafu katika miaka ya 1980, pamoja na mpango wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, ikaja amri ya mgawo: shule nyingi za sekondari zichukue 85 kwa mia ya wanafunzi wao katika wilaya ile ile. Sababu iliyotolewa ilikuwa njema. Wilaya zilizokuwa na misheni mapema zilikuwa na shule nyingi. Wilaya za ukame, ambazo misheni haikufika au ilifika ikaondoka, zilikuwa na chache. Je, mtoto wa mfugaji alipwe kosa la reli kutopita kwao?

Mmoja wetu aliyeandika ukurasa huu alimpeleka kijana mmoja, mwana wa mjane, kwenye shule moja ya serikali tusiyoitaja, akiwa na alama kubwa kuliko wote waliokubaliwa mwaka ule. Alijibiwa kwa upole kwamba alama zake ni nzuri, ila wilaya yake si hiyo. Kijana aliuliza swali moja tu njiani tukirudi: kama angalijua, angaliweza kuzaliwa ng'ambo ya mto? Hatukuwa na jibu. Na jambo lililotuchoma zaidi ni kwamba katika orodha ya waliokubaliwa walikuwamo watoto wa wakubwa waliotoka mbali kuliko yeye. Mgawo uliowekwa kwa ajili ya maskini ulipata mlango wa nyuma kabla ya mwaka kwisha. Ndiyo sababu twaona afadhali mtoto wa ukame ajengewe shule, aletewe mwalimu mwema na chakula cha mchana, kisha apimwe kwa kipimo kile kile cha wote. Ni njia ya gharama na ya kukawia. Mgawo ni rahisi kwa sababu wahitaji karatasi tu. Mtihani wenyewe wa mwisho wa shule ya msingi, ule wa KCPE ulioanza mwaka 1985, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023; lakini ugomvi wa nani aingie wapi haukuzikwa pamoja nao.

Sasa tuje uwanjani.

Bwana Francis aliupenda mpira wa miguu karibu na kupita kiasi. Hakuuona kuwa mchezo wa kupumzisha akili; aliuona kuwa darasa. Na wamisionari wengi wa siku zile waliamini hivyo: kwamba kijana ambaye refa amemwonea, akanyamaza akaendelea kucheza, amejifunza jambo ambalo mahubiri kumi hayawezi kumfundisha. Walicheza bila viatu, katika viwanja vya mteremko, na mara nyingi ng'ombe ndio walioondolewa kwanza. Sisi wazee twakumbuka kwamba kosa lililoadhibiwa upesi kuliko yote halikuwa kushindwa, lilikuwa kubishana na refa. Wasomaji wataona mara moja hatari iliyokuwamo. Kijana aliyefundishwa kutobishana na refa atafanya nini siku atakapoonewa na mkuu wa wilaya? Wengine walinyamaza maisha yao yote. Wengine walichukua sehemu ya pili ya somo, yaani kwamba sheria ni moja kwa pande zote mbili, wakaenda kuidai mbele ya serikali.

Mpira ulifundisha pia jambo ambalo mwalimu Mwingereza hakulikusudia. Tangu mwaka 1926 lilikuwapo shindano la Kikombe cha Gossage, kilichotolewa na watengenezaji wa sabuni. Kwanza zilishindana Kenya na Uganda. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Kabla ya hapo mtu alikuwa Mluo, au Mkikuyu, au Mtaita. Kenya ilikuwa neno la serikali, la kodi na kipande. Uwanjani, kwa saa moja na nusu, ilikuwa neno la kushangilia. Hatusemi kwamba mpira uliumba taifa, maana maneno hayo ni makubwa mno. Twasema tu kwamba wengi walilipigia makofi kabla ya kulipigia kura.

Mbio ndizo zilizolipeleka jina hilo mbali. Mwaka 1956 Kenya ilipeleka wakimbiaji katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne, chini ya bendera ya koloni. Mwaka 1962 huko Perth, Seraphino Antao, kijana wa Mombasa wa asili ya Goa, alishinda mbio za yadi 100 na za yadi 220 katika michezo ya Jumuiya ya Madola, nishani za kwanza za dhahabu kwa Kenya. Miaka miwili baadaye, Tokyo, ndiye aliyeichukua bendera mpya, nyeusi, nyekundu na kijani, wakati Wilson Kiprugut alipopata nishani ya shaba katika mita 800, nishani ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Twapenda kulikumbusha jambo la Antao kila tunaposikia mtu akiuliza nani ni mwananchi wa kweli.

Hata tukafika Mexico, mwaka 1968. Naftali Temu alishinda mita 10,000, Amos Biwott akashinda mbio za kuruka viunzi na maji, na Kipchoge Keino, akiwa na ugonjwa wa nyongo, akamwacha Jim Ryun wa Marekani nyuma sana katika mita 1,500. Mara tatu wimbo wa taifa ulipigwa, wimbo ambao sauti yake ilitokana na wimbo wa akina mama Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Waliosikiliza redio siku zile watakuambia kwamba walisimama wima nyumbani mwao, peke yao, pasipo mtu wa kuwaona.

Katika michezo hiyo hiyo, siku chache kabla ya ushindi wa Keino, Wamarekani wawili weusi, Tommie Smith na John Carlos, walisimama juu ya jukwaa la washindi, wakainamisha vichwa wimbo wa nchi yao ukipigwa, wakainua ngumi zenye glovu nyeusi, ili ulimwengu uone jinsi watu wao wanavyotendewa. Walifukuzwa katika kikosi. Jambo hili lilitugawa, nasi twakiri kwamba lilitugawa kwa miaka mingi. Sisi hufundisha watoto kwamba bendera si mali ya serikali iliyopo. Ni ya waliokufa na ya watakaozaliwa, basi ugomvi wetu na mkubwa usiimwagikie. Twashika hivyo hata leo, na mwanafunzi anayechezacheza wakati wa wimbo twamwonya. Lakini hatukuweza kamwe kuwaambia wanafunzi wetu kwamba watu wale wawili hawakuipenda nchi yao. Walikuwa wameikimbilia mpaka wakashinda. Mtu asiyejali hujikalia kimya, apokee nishani yake, aende zake.

Kisha wakaja wanasiasa kuuchukua uwanja wenyewe. Mwaka 1976 Kenya ilijitoa Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika ya Kusini ya ubaguzi. Mwaka 1980 ikakataa kwenda Moscow kwa sababu ya jeshi la Urusi kuingia Afghanistan. Henry Rono, ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za ulimwengu katika siku 81, hakukimbia katika Olimpiki hata mara moja. Mike Boit, aliyepata shaba Munich mwaka 1972, alibaki bila Montreal. Kwa lile la Afrika ya Kusini twaona nchi ilifanya haki, na la pili hatuna hakika nalo. Ila katika yote mawili waliolipa ni vijana wenye miguu, wala si mabwana wenye kalamu. Tukitaka mtu aipende nchi, nchi nayo imkumbuke alichotoa.

Hesabu hiyo ilikuja kudaiwa. Agosti 2003, Paris, mbio za kuruka viunzi na maji zilishindwa na kijana aliyezaliwa Kenya kwa jina la Stephen Cherono, akikimbia kwa nchi ya Qatar kwa jina la Saif Saaeed Shaheen. Nduguye, Christopher Kosgei, alikuwa ameshinda mbio hizo hizo za ulimwengu mwaka 1999 kwa Kenya. Nyumba moja, bendera mbili. Wakenya wengi walikasirika. Mwaka uliofuata Kenya ilikataa kumruhusu kwenda Olimpiki ya Athens, na Wakenya watatu wakazichukua nishani zote tatu, Ezekiel Kemboi akiwa wa kwanza. Siku chache baadaye, Brussels, Shaheen aliivunja rekodi ya ulimwengu kwa dakika 7, sekunde 53 na sehemu 63 za mia. Katika shule zetu walimu walimwita msaliti. Sisi hatukufurahi, maana bendera si shati la kubadilishwa sokoni. Lakini tuliwauliza walimu wale wale kama walijua mshahara wa mkimbiaji akiisha kuvunjika goti. Hakuna aliyejua.

Limebaki jambo la tatu, la utii, nalo ni zito.

Bwana Francis aliamini kwamba nchi hainuki kwa mikutano. Hunyanyuliwa na karani asiyekula hongo, na mwalimu afikaye kabla ya kengele, na mganga asiyemfukuza mgonjwa usiku. Aliona kujitawala kuwa mavuno ya mwisho, tena ya mbali, na wanasiasa wa siku zile aliwaona wana haraka. Hapo alikosea, maana uhuru ulikuja mapema kuliko alivyodhani, na waliouleta ni pamoja na vijana wa shule ile ile aliyoiongoza. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, alikuwa amesoma na kufundisha Alliance. Na katika serikali ya kwanza ya uhuru wanafunzi wa zamani wa Alliance walikuwa wengi.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, shule ilikuwa katikati ya moto. Kikuyu yenyewe ndiyo ilikuwa nchi ya vita. Francis aliwapinga Mau Mau bila kuficha. Lakini alisema pia, hata mbele ya Waingereza wenzake, juu ya ukatili wa askari wa serikali, nao baadhi ya walowezi hawakumpenda kwa hilo. Na shuleni aliwapokea wana wa waliokuwa upande wa serikali na wana wa waliokuwa na jamaa msituni, wakala meza moja. Mwaka 1955 aliingia kijana mmoja wa Limuru ambaye kakaye alikuwa mpiganaji msituni. Aliporudi nyumbani baada ya muhula wa kwanza hakukuta nyumba. Kijiji chao kilikuwa kimebomolewa na watu kuhamishwa. Kijana huyo ni Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekufa mwaka 2025, nasi twajua jinsi alivyougua moyo kwa elimu ya wamisionari na lugha yao. Hata hivyo, alipokuwa mzee alikiandikia kipindi kile kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2012, na jina lake alilichukua katika mahubiri ya Bwana Francis juu ya nyumba ya Mfasiri katika kitabu cha Bunyan. Hakumsifu tu wala hakumtukana tu. Twawashauri walimu wakisome, hasa wale wanaodhani kwamba mambo hayo yalikuwa mepesi.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Waafrika waliteswa katika kambi zile, ikakubali kuwalipa zaidi ya watu 5,000. Wengi wao walikuwa wamekaa kimya miaka sitini, na baadhi walikaa kimya wakiwa katika viti vya makanisa yetu. Misheni iliyofundisha utii haikuwa imewauliza.

Mwaka 1962 Bwana Francis alimaliza kazi yake Alliance. Angaliweza kurudi Uingereza, akalima bustani. Hakurudi. Alikwenda Pumwani, mtaa wa zamani wa Waafrika mashariki ya Nairobi, nyumba za udongo na mabati, akaomba kazi katika shule ya sekondari ya pale. Na hakuwa mkuu, alikuwa mwalimu wa kawaida chini ya mkuu mwingine. Wanafunzi wa Pumwani hawakuwa wale wa Alliance. Wengi walikuwa watoto ambao chujio lile, alilolitumikia miaka thelathini na zaidi, liliwaacha nje. Aliwafundisha hesabu kwa chaki ile ile na ukali ule ule, akiingia darasani kabla ya kengele, na wakati wa jioni akisimama kando ya uwanja wa mpira, mpaka Julai 1966, alipokufa.